Staa Ana Mashine ya Mamilioni, Lakini Kahawa Yake Ilikaangwa Lini?

Mwanadada mmoja anayetamba kwenye tamthilia za Bongo amezua gumzo mtandaoni baada ya kutupia picha za jiko lake jipya. Kilichovuta macho siyo marumaru wala friji la milango miwili. Ni mashine ya kahawa inayong'aa kama rimu za gari jipya, na pembeni yake pakiti nyeusi yenye maandishi ya Kiitaliano. Chini ya picha akaandika kwamba tangu aanze kujipikia kahawa nyumbani amegundua kuwa kahawa za hapa Bongo ni za kunywea kijiweni tu.

Wadau wakagawanyika. Wengine wakamwita mshamba aliyepata hela juzi, wengine wakataka kujua mashine inauzwa wapi na bei gani. Katika kelele zote hizo, hakuna aliyeuliza swali la maana: kahawa iliyomo kwenye ile pakiti ilikaangwa lini?

Kwa mtu anayetaka kuanza kupika kahawa nyumbani, hilo ndilo swali la kwanza. Mashine inakuja baadaye sana, na wengi hawataihitaji kabisa.

Kahawa siyo kitu kinachonoga kwa kukaa. Ikishakaangwa inaanza kutoa hewa, na harufu yake inapungua siku hadi siku. Siku chache za mwanzo inatulia, kisha kuna wiki kadhaa ambazo ladha yake iko juu, halafu inaanza kushuka. Punje nzima zinajitahidi kuvumilia, lakini ikishasagwa harufu inapotea haraka sana. Sasa fikiria pakiti iliyokaangwa ng'ambo, ikapanda meli, ikakaa bohari, ikaja kusubiri mteja kwenye rafu ya supamaketi. Tarehe ya mwisho wa matumizi inaweza kuwa ya mwaka kesho na bado kahawa yenyewe imeshachoka. Tarehe hiyo inasema lini iachwe kutumika. Haisemi lini ilikaangwa.

Na kuna jambo lingine ambalo dada yetu pengine hakulifikiria. Italia haina mashamba ya kahawa ya kutegemea. Waitaliano ni mafundi wa kukaanga na kuchanganya, hilo hakuna anayewabishia, lakini malighafi wanaitoa nje. Tena Italia ni miongoni mwa nchi zinazonunua kahawa ya Tanzania, sawa na Japani. Kwa hiyo haitakuwa ajabu kama ndani ya pakiti ile ya mbwembwe kuna punje zilizotoka Bukoba, zikaenda Ulaya kubadilishiwa nguo, zikarudi Dar kwa bei ya kutisha.

Basi anayeanza achague nini? Kwanza ajue anapenda nini. Tanzania inalima aina mbili kubwa. Arabika inatoka zaidi Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na kule Mbinga, Ruvuma. Hii ina harufu nzuri na uchachu kidogo kama wa tunda. Robusta ni ya Kagera kwa sehemu kubwa. Hiyo ni nzito, chungu zaidi, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Anayekunywa kahawa tupu bila maziwa aanze na arabika. Anayependa maziwa mengi, au anayetafuta kitu cha kumshtua saa 11 alfajiri, robusta itamfaa, na asione haya. Wahaya walikuwa wanatafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa zamani kabla mashine za kahawa hazijajulikana.

Pili, aangalie ilivyokaangwa. Kwa mwanzo, iliyokaangwa wastani ndiyo salama: rangi ya kahawia, kavu, haing'ai mafuta juu. Ile nyeusi tii inayoteleza mafuta imekaangwa mpaka ladha ya moto imefunika ladha ya shamba. Kahawa chungu ya kijiweni ina heshima yake, na kwa kashata na stori za jioni haina mpinzani. Lakini mtu anayetaka kujua tofauti ya kahawa ya Mbinga na ya Moshi hawezi kuijua kwenye punje zilizoungua.

Tatu, asipigwe na herufi. Wengi wakiona AA kwenye pakiti wanadhani wamepata kahawa ya ikulu. AA inaeleza ukubwa wa punje baada ya kupitishwa kwenye chekeche. Punje kubwa iliyokaa miezi nane kwenye vumbi itashindwa na punje ndogo ya B iliyokaangwa wiki iliyopita. Vivyo hivyo PB, ambayo ni punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya mbili. Ni nzuri ikiwa freshi. Ikichacha, inabaki umbo tu.

Nne, anunue kidogo. Robo kilo inatosha. Aifunge vizuri, aiweke kabatini mbali na jua na jiko. Kwenye friji hapana, maana huko inavuta unyevu na harufu ya samaki wa jana. Kama ana hela ya kifaa kimoja tu, anunue kisagio cha mkono, asage kiasi cha kikombe anachokunywa muda huo.

Hapa kuna mtangazaji mmoja wa redio ambaye watu hawamtaji sana kwenye mambo haya, kwa sababu hapigi picha. Walioalikwa kwake wanasema ana birika la kawaida, kichujio cha kitambaa na kisagio cha mkono, basi. Anaweka vijiko viwili vya chakula vya kahawa kwa kikombe cha mililita 200, anaacha maji yaliyochemka yatulie kama nusu dakika, anamimina, anasubiri dakika nne, anachuja. Kila akinunua anamuuliza muuzaji imekaangwa lini, na asipojibiwa anaaga na kuondoka. Wageni wake wanaomba kikombe cha pili. Huyo ndiye wa kuigwa.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Dada yule hakukosea kila kitu. Zipo kahawa za hapahapa zinazouzwa bila tarehe ya kukaangwa, zimeanikwa dirishani kwenye jua, na ukifungua pakiti unakutana na harufu ya gunia. Mtu akianza na hiyo, ana haki ya kudhani kahawa zote za Bongo ndivyo zilivyo. Uzalendo hauongezi ladha kwenye kikombe. Wanaokaanga na kufungasha hapa nchini wakitaka mastaa waache pakiti za nje, waandike tarehe ya kukaangwa na jina la mahali kahawa ilipolimwa. Ni mstari mmoja tu wa wino.

Kinachouma ni kwamba mwanadada huyu mwenyewe ameshasimulia mara nyingi kwenye mahojiano kwamba amekulia kwa babu yake Rombo, kwenye kihamba chenye migomba na mibuni, na ada ya shule ilitoka kwenye kahawa. Kama watoto wengi wa huko, nyumbani walikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Sehemu kubwa sana ya kahawa ya nchi hii bado inakwenda nje hivyohivyo, na aliyeichuma kwa mkono anaweza kuzeeka bila kuionja ikiwa imekaangwa vizuri.

Kwa hiyo mashine abaki nayo, ni hela yake na ameitolea jasho. Ila safari ijayo akienda kumsalimia babu, arudi na kilo moja ya buni safi, aipeleke kwa mkaangaji hapa mjini, akae siku tano, halafu aisage na kuipika. Kikombe kimoja akirudishe Rombo kwenye chupa ya chai, mzee naye aonje alichokuwa anauza miaka yote. Picha ya siku hiyo mashabiki watai-like bila kuuliza bei ya mashine.

Wadau, nyie kahawa ya nyumbani mnainunua wapi, na muuzaji wenu ukimuuliza imekaangwa lini anajibu au ananuna?