Hofu Yetu Ndiyo Mtaji wa Kishoka

Mwamkulu, hapa Mpanda, tunalima mpunga, na kila mavuno yanapofika maneno ni yale yale kwenye mashine za kukoboa. Mchele una soko Kongo, una soko Burundi, lakini mpakani hapapitiki bila mtu. Ukijipeleka mwenyewe utavuliwa mpaka shati. Uwe na pasipoti usiwe nayo, watakukamua tu. Tena mwenye karatasi, wanasema, ndiye anayekamuliwa zaidi, maana ameshaonekana ana hela. Basi tafuta kijana anayeijua njia, mpe chake akuvushe. Au kaa nyumbani umuuzie mwenye lori anayekuja na lumbesa yake, uyamalize.

Nayapinga maneno hayo kwa nguvu zangu zote. Yamesemwa mara nyingi mno hata yamekuwa kama sheria ya nchi, na anayethubutu kuuliza yametoka wapi anaonekana mshamba. Mimi nauliza. Nikiyafuatilia hadi chanzo chake, sifiki kwa mkulima aliyekwenda na karatasi zake kamili akarudi analia. Nafika kwa aliyekwenda mikono mitupu akashikwa, au kwa aliyesimuliwa na binamu yake, na mara nyingi nafika kwa kijana yule yule wa kuvusha watu. Yeye ndiye mhubiri mkuu wa hofu hii, na lazima ahubiri, kwa sababu siku mama wa Mwamkulu atakapojua kwamba dirisha la Uhamiaji liko wazi kwa kila mtu, kijana huyo hana tena kazi. Mjini watu wa aina hiyo wana jina: vishoka.

Tuanze na chanjo, maana hapo ndipo watu wanapochunwa kirahisi kuliko popote. Kongo inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kikaratasi cha njano, kwa kila anayeingia. Cheti hicho huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujijengea kinga. Na tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, sindano moja inatosha maisha yote. Habari ya kurudia kila baada ya miaka 10 ilikwisha. Sasa mchukue mtu asiyejua hayo mawili. Anafika bandarini asubuhi, magunia yako chini, boti inapakia, anaulizwa cheti. Hana. Kishoka anacho mfukoni, kimekwisha kugongwa muhuri, kinangoja jina tu. Mtu analipa, anavuka na karatasi ya uongo na mwili usio na kinga, kisha akirudi anasimulia kijijini kwamba mpakani wamemla hela. Mwingine ana cheti halali cha miaka mingi iliyopita, anaambiwa muda wake umepita, analipa ili "kihuishwe". Kihuishwe nini, wakati kinamtosha mpaka kaburini? Hela hiyo imeliwa kabla hajafika kwa afisa yeyote, na haikuliwa na mpaka. Imeliwa na kutojua.

Pasipoti vivyo hivyo. Hii ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000. Kwa mkulima wa ekari mbili hizo si fedha ndogo, na sitaki kujifanya ni ndogo. Lakini inadumu miaka 10. Kishoka analipwa kila safari, kwenda na kurudi, na mwaka ujao ataanza upya kama vile hajawahi kukuona. Na asiye na uwezo wa pasipoti bado anaweza kwenda ofisi ya Uhamiaji akaulizia hati ya dharura ya safari, iliyowekwa kwa ajili ya watu wa safari fupi kama zetu. Kuingia Burundi au Zambia, Mtanzania hadaiwi viza. Masharti ya Kongo yamekuwa yakibadilika tangu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa sababu hiyo hasa yanapaswa kuulizwa ofisini Mpanda kila kabla ya safari, si kijiweni.

Kuna jambo jingine ambalo wachuuzi wetu wadogo hawaambiwi kabisa. Ndani ya Jumuiya upo utaratibu wa biashara ndogo za mipakani: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa ni wa bidhaa zilizomo kwenye orodha na zimezalishwa Afrika Mashariki, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na afisa wa forodha, na hautozwi ushuru wa forodha. Dola 2,000 kwa mama anayepeleka mchele Burundi kwa njia ya Manyovu ni mzigo mkubwa, si mfuko wa zawadi. Utaratibu huu haukuwekwa kwa ajili ya wenye malori. Uliwekwa kwa ajili yake yeye. Wapo wanaoupita kando, wakapitisha magunia kwenye mashamba usiku, wakilipa huyu na yule ili kukwepa ushuru ambao sheria ilikwisha kuwasamehe. Naumia nikilifikiria hilo.

Hiyo njia ya panya yenyewe inasifiwa kana kwamba ni barabara salama. Tuitazame ilivyo. Kwa sisi wa Katavi, njia ya panya ya kwenda Kongo ni ziwa. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika karibu mita 1,470, na upepo wake ukichafuka hautazami nani ana mtumbwi na nani ana meli. Boti inayoondoka usiku mahali pasipo na afisa haina orodha ya abiria. Haina anayehesabu magunia yaliyozidi. Ikizama, hakuna ofisi inayojua kwamba ulikuwemo, na ndugu zako watakungoja wiki nzima wakidhani biashara imekuchelewesha. Nchi kavu nako, pale Tunduma, mji wetu na mji wa Nakonde wa Zambia imeshikana hata mgeni hajui anasimama nchi gani. Ni rahisi kupenya vichochoroni, na ni rahisi vile vile kuporwa humo. Ukiporwa utamshitaki nani, kwa nani? Umeshavunja sheria za nchi mbili. Aliyekupora anajua hilo kuliko wewe, na ndiyo maana amekungojea huko, hakukungojea getini.

Najua nitakavyojibiwa. Rushwa ipo. Maafisa wapo wanaoshika karatasi iliyokamilika, wakaigeuza mbele na nyuma, wakasema ina kasoro, wakanyamaza wakingoja. Ipo, sibishi, na kwa upande wa ng'ambo simulizi za wafanyabiashara kuhusu vizuizi na michango isiyo na jina ni nyingi mno kuzipuuza. Lakini tufikiri vizuri. Rushwa hushika pale penye upungufu. Mwenye karatasi kamili ana la kusema: anaweza kuuliza kasoro ni ipi, akaomba aandikiwe, akamwomba mkuu wa kituo. Kwa upande wetu, malipo halali ya serikali yana kontrol namba na yana risiti. Anayekudai hela bila hivyo viwili anajidai yeye, hadai kwa niaba ya serikali, na simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Asiye na karatasi hana hata neno moja kati ya hayo. Akipiga 113 atajishitaki mwenyewe kwanza. Kusema "karatasi hazisaidii kwa kuwa rushwa ipo" ni kumvua mtu ngao kwa sababu vita ni vikali.

Halafu kuna vita vyenyewe, na hapa nitakuwa mpole. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Mkoa wa Tanganyika, wenye miji ya Kalemie na Moba ng'ambo yetu, uko mamia ya kilomita kusini mwa Goma, lakini nao umewahi kuonja mapigano yake wenyewe, ya Watwa na Waluba. Mtu asiyekwenda Kongo kwa sababu anaogopa risasi namheshimu, wala simwiti mwoga. Aulizie hali kabla ya kila safari, na akiambiwa subiri, asubiri. Ninachokataa ni kuichanganya hofu hiyo na hofu ya dirisha la Uhamiaji, kama tunavyofanya, mpaka mtu anaahirisha safari ya Manyovu au Tunduma kwa sababu ya mapigano ya Goma na Bukavu. Tena kinachoshangaza, yule yule anayesema Kongo hakuendeki ndiye atakayekubali kuvushwa huko usiku na mtu asiyemjua jina la pili.

Kama tunataka la kuogopa, lipo, na halizungumzwi mashineni. Ni amri zinazotoka juu bila kumwuliza mtu. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa ajili ya Korona, na waliokuwa na mizigo njiani wakabaki nayo. Machi 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa ya kutoka nje, mchele ukiwemo; Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, na baadaye mambo yakalegezwa. Wakubwa walielewana. Ndizi na mchele uliokuwa barabarani wiki zile haukungoja waelewane. Hofu ya aina hiyo ina akili, kwa sababu inamfundisha mtu kuuliza kabla ya kupakia, na inapaswa kutufanya tuwabane wabunge wetu. Lakini kishoka hana dawa ya hilo. Mpaka ukifungwa kwa amri, naye anakutana nao umefungwa, ila atakuwa amekwisha kuchukua chake.

Na mkoa huu, katika mikoa yote, kuuogopa mpaka! Mwaka 1885, Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa vituo vya Ziwa Tanganyika, walipewa Karema upande huu na Mpala upande ule, na pwani hizi mbili zilikwisha kuwa na mawasiliano. Waholoholo wana ndugu kote kuwili. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walivuka, mwaka 1973 makazi ya wakimbizi ya Katumba yakafunguliwa, baadaye Mishamo, na mwaka 2014 wakimbizi zaidi ya 160,000 wa makazi yale na ya Ulyankulu wakawa raia wa Tanzania. Tunanunua mazao yao, tunaoana nao. Najua baadhi yao wanaogopa mpaka kwa sababu nzito kuliko yetu: lafudhi yao na majina yao huwaletea maswali ambayo mimi siulizwi. Kwao hasa, cheti cha uraia na pasipoti ni mambo ya kutobaki nyuma. Raia wa tajinisi ni raia kwa sheria, na afisa anayemtilia shaka kwa sikio tu anastahili kuripotiwa.

Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi na Kifaransa wapi na wapi?" Nikamwambia, mama, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, na Kalemie hicho ndicho watakachokusalimia nacho sokoni. Matamshi yatakupa tabu siku ya kwanza. Cha kuangalia zaidi ni dola zako: kule noti iliyochanika hata kidogo pembeni wanaikataa, na anayekubadilishia hela bandarini anaweza kukupa hizo hizo ambazo wenzake wamezikataa. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo dogo, ingawa habari za watu waliovuliwa mashati alikuwa amesikia tangu ujana.

Hapo ndipo lawama yangu inapowageukia wenye ofisi. Serikali imejenga bandari ya Karema kwa karibu shilingi bilioni 48 ili tufanye biashara na ng'ambo. Barabara ya kutoka Mpanda kwenda huko ina zaidi ya kilomita 100. Kote huko fedha zimepatikana, lakini kumweleza mkulima wa Mwamkulu afanye nini akifika, hilo limeachiwa vijiwe. Mtu anajua bei ya mbolea ya ruzuku, hajui cheti cha afya ya mimea anakitafuta kwa nani. Jibu ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, lakini nani amlipe nauli ya kwenda kuuliza jambo ambalo afisa mmoja angelieleza kwa dakika 10 kwenye mkutano wa kijiji?

Manispaa ya Mpanda inaweza kulifanya hili mavuno yajayo bila kungoja bajeti ya Dodoma. Iwalete Uhamiaji, TRA, watu wa afya na watu wa afya ya mimea siku moja Mwamkulu na siku nyingine Kakese, pale pale penye mashine za kukoboa, sindano ya homa ya manjano itolewe siku hiyo ili siku 10 zianze kuhesabika mpunga ungali juani. Na pale Karema pasimamishwe bango kubwa la Kiswahili, linaloonekana na mtu aliyeshuka kwenye gari kabla kishoka hajamfikia, lenye kila malipo halali na ofisi inayoyapokea. Na huduma isiyo na malipo iandikwe humo kwa herufi kubwa kwamba haina malipo.