Seva ya mtumba au ya kukodi?

Dell PowerEdge R720 ilitoka mwaka 2012, na ofisi nyingi zimeshaiondoa kazini. Kwa mwandishi wa programu bado ni mali: ina nafasi 24 za kuchomeka RAM na soketi mbili za Xeon, hivyo mashine pepe kadhaa hukaa humo bila kubanana. Ila feni zake hupiga kelele usiku kucha na umeme inaula kwelikweli; chumba cha kulala si mahali pake kabisa.

Asiyetaka adha hiyo akodi.

Kampuni ya Hetzner ya Ujerumani hunadi seva zilizokwisha kutumika, bei ya kukodi ikishuka kidogo kidogo mpaka mtu aichukue seva. Diski ikifa, mafundi wao huibadilisha. Nakala za kazi ni juu ya mteja mwenyewe, na aziweke kwenye mashine nyingine.