Mafiga Matatu ya Chakula cha Kambini

Enyi vijana, kila ifikapo likizo vikundi vingi hutoka shuleni na makanisani kwenda kupiga kambi. Watu huandaa hema, kamba, taa, ngoma na nyimbo. Lakini ukimwuliza kiongozi wao, "Siku ya tatu mtakula nini?" aghalabu hujibu, "Mungu atajalia." Ni kweli, Mungu hujalia, lakini hakutupa akili ili zikae bure. Maoni yangu ni haya: kikundi ambacho hakijaandika chakula cha kila siku katika karatasi hakifai kutoka nyumbani, na chakula hicho yapasa kipangwe na kupikwa na vijana wenyewe, wavulana kwa wasichana.

Siyasemi haya kwa kuyasikia tu. Miaka kadha wa kadha imepita tangu nilipowachukua wavulana 18 kupiga kambi siku nne katika milima ya Usambara. Nilishughulika sana na hema na michezo, na chakula nikakifanya jambo la mwisho. Tukachukua unga, chumvi, sukari, majani ya chai na mfuko mmoja wa maharagwe mekundu. Siku mbili tukala ugali kwa chai. Siku ya pili jioni wavulana walikuwa wamechoka, wakigombana kwa mambo madogo. Nikaona heri tupike maharagwe. Hayakulowekwa, kuni zilikuwa mbichi, na usiku ulikuwa umeingia. Yalipoanza kulainika kidogo tu, wenye njaa hawakungoja, nami sikuwazuia.

Usiku ule walitapika karibu wote. Kulipokucha mvulana mdogo kuliko wenzake hakuweza kusimama. Tukafunga machela kwa fito na blanketi, tukamteremsha mlimani mpaka zahanati. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mama yake alipokuja aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, mlimlisha nini mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na cheti cha ualimu, lakini sikujua jambo ambalo wapishi wengi wanalijua: ya kuwa maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ambayo haiondoki ila kwa kulowekwa usiku kucha, kumwagwa maji yale, na kuchemshwa sana mpaka yaive barabara. Tangu siku ile nimejifunza, na ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Wazee walisema, "Jifya moja haliinjiki chungu." Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, ukiondoa moja, chakula humwagika. Vivyo hivyo mwili wa kijana. Figa la kwanza ni chakula cha nguvu: ugali, wali, viazi, muhogo, ndizi za kupika, na mafuta. Figa la pili ni chakula cha kujenga mwili: maharagwe, kunde, choroko, karanga, dagaa, mayai, maziwa na nyama. Figa la tatu ni chakula cha kulinda mwili: mchicha, majani ya maboga, nyanya, karoti, papai, embe, mapera na machungwa. Sisi tulikwenda mlimani na figa moja, tukashangaa chungu kilipoanguka.

Msidhani figa la tatu ni la anasa. Mwezi wa Januari mwaka 1499 merikebu za Vasco da Gama, Mreno, zilifika Malindi zikitoka Bara Hindi. Mabaharia walikuwa wamekaa baharini miezi mitatu hivi bila chakula kibichi. Ufizi wao ulivimba, na wengi walikuwa wamekwisha kufa njiani. Walipofika, wagonjwa walitamani sana machungwa, nayo yakaletwa kutoka pwani. Lakini wengine walikuwa wamedhoofika mno, wakafa pale pale. Kisha mwaka 1747 daktari mmoja Mskoti, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye ugonjwa huo, akawagawa wawili wawili, akawapa kila wawili dawa yao. Wale wawili waliokula machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu upesi kuliko wote. Kambi ya siku nne haiwezi kuleta ugonjwa huo. Lakini kijana asiyejali matunda kambini siku nne, mara nyingi ndiye asiyeyajali nyumbani mwaka mzima.

Wala msidhani chakula bora ni chakula cha gharama. Mahindi yamepungukiwa na kitu fulani cha kujenga mwili, na maharagwe yanacho kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu ambao mahindi huutimiza. Basi kande, chakula cha babu zetu, si chakula cha kudharauliwa: ni vitu viwili vinavyosaidiana kama macho mawili. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa ile huimarisha mifupa yetu. Pera moja la porini lina vitamini ya kulinda mwili kuliko chungwa.

Sasa natoa mfano wa hesabu, nanyi mwufanye darasani. Tuseme vijana ni 24, nao watakaa siku nne. Kila mmoja kwa siku apate gramu 400 za unga, gramu 100 za maharagwe makavu, gramu 50 za karanga na gramu 30 za dagaa wakavu. Zidisheni, mtaona yahitajiwa unga kilo 38 na gramu 400, maharagwe karibu kilo 10, karanga karibu kilo 5, na dagaa karibu kilo 3. Ongezeni viazi vitamu, mboga, matunda, mafuta na chumvi. Asubuhi pikeni uji wenye karanga zilizosagwa, na ndizi mbivu kando. Adhuhuri, mkiwa njiani, kuleni viazi vya kuchemsha na yai. Jioni ni ugali, maharagwe au dagaa, mchicha na kipande cha papai. Vile viozavyo upesi viliwe kwanza: mchicha siku ya kwanza, kabichi, maboga na karoti siku za mwisho. Mboga zisichemshwe mno, wala maji yake yasimwagwe, maana uzuri wake hutoka pamoja na maji.

Chagueni karanga moja moja. Iliyoota ukungu, iliyokunjamana au kubadilika rangi, itupeni; na mahindi vivyo hivyo. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, sumu ambayo hata moto wa jikoni hauiondoi. Maji ya kunywa yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na kiporo kisiwekwe mpaka kesho.

Najua wako watakaonipinga. Mmoja atasema, "Kambi ni mahali pa kujifunza taabu, kijana akilala na njaa atakuwa hodari." Nami namjibu: taabu ya kupanda mlima ni mwalimu mwema, na mvua pia, lakini njaa iletwayo na uvivu wa kufikiri haimfundishi mtu lolote ila kunung'unika. Hata askari hawendi vitani bila posho.

Mwingine atasema, "Fedha hatuna." Basi na tutazame mizigo yake. Aghalabu tutakuta biskuti, peremende na soda, kisha maharagwe hayamo. Huyu hakukosa fedha, alikosa shauri.

Wa tatu, naye ndiye mwenye sauti kubwa, atasema, "Kupika ni kazi ya wanawake. Wasichana wapike, au tumwajiri mpishi." Neno hili lanichoma. Nimeona kambi ambayo wasichana walishinda motoni tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi, na wavulana wakacheza mpira mpaka wakaitwa kula. Wasichana wale nao walikuja kupiga kambi. Hawakuja kuwa watumishi. Tena, tangu lini kupika kukawa aibu kwa mwanamume? Wanaume hupika merikebuni, jeshini na hotelini, nao hulipwa na kuheshimiwa. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki na kuzikwa Nyeri nchini Kenya mwaka 1941, alikuwa jemadari. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1908 cha kuwafundisha wavulana uskauti, alitia mafundisho ya kupika porini. Yeye hakuona haya. Wewe waona haya kwa nini? Mwanamume asiyejua kupika ni mtumwa wa mkono wa mwenziwe: asipopikiwa, hufa njaa karibu na gunia la unga.

Kwa hiyo shauri langu ni jepesi. Vijana 24 wagawanywe vikundi vinne, na siku nne ziwe za vikundi vinne. Kila kikundi kipike siku yake: wawili motoni, wawili maji na kuni, wawili kuandaa na kuosha vyombo. Wavulana na wasichana wachanganywe, kazi zigawanywe kwa kura. Asiyepika leo ale kwa shukrani, asilaumu. Maana kesho zamu ni yake, naye atajua kama chumvi hujitia chunguni yenyewe. Na siku ya kuondoka, moto uzimwe kwa maji na udongo, mpaka majivu yashikike kwa mkono.

Wanafunzi wangu, mtu haandai karamu kwa ajili ya tumbo tu. Yule agawaye ugali sawasawa, akamkumbuka aliye mdogo na aliyechelewa, amejifunza haki. Yule aamkaye alfajiri kuwasha moto ili wenziwe waamke wakute uji, amejifunza upendo kuliko aliyeimba nyimbo kumi za upendo. Basi likizo ijayo, kabla hamjafunga hema, chukueni karatasi na kalamu, mwandike mafiga yote matatu, siku kwa siku. Na mama yeyote akiuliza, "Mlimlisha nini mwanangu?" mwe na jibu la kumpa, nalo liwe jema.