Chuma Ardhini Kabla ya Mlingoti

Hakuna askari asiyeijua sauti ya simu ya upepo. Ndiyo inayoirudisha doria, ndiyo inayoita gari la wagonjwa, na ndiyo inayopeleka habari za wizi wa ng'ombe kabla wezi hawajavuka mto. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliokwisha kuinua macho kuutazama mlingoti ulio nyuma ya kituo na kujiuliza: siku radi itakapoushukia, umeme ule utapita wapi? Mahali ambapo swali hilo halikujibiwa mapema kwa shaba na chuma, umeme hujijibia wenyewe. Hushuka na kebo, huingia chumbani, hupasua mtambo, kisha humtafuta aliyeshika kipaza sauti.

Uganda si nchi ya kufanyia radi mzaha. Ziwa Viktoria hutoa mvuke usiku na mchana, joto la ikweta huupandisha juu, na pepo za ziwa na za nchi kavu hukutana na kuujenga kuwa mawingu ya ngurumo. Katika miaka ya 1967 hadi 1976 mji wa Tororo ulihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu ambayo miji michache sana ya dunia imeikaribia. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua watoto 18. Tarehe 2 Novemba 2024 ilipiga watu waliokusanyika kwa sala katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, wakafa 14. Marehemu hao hawakuwa na mlingoti wala redio. Basi itakuwaje kwa kijana wa mawasiliano ambaye sisi wenyewe tumemsimamishia chuma cha mita kumi na tano juu ya kichwa chake, tukamwambia asiondoke kitini?

Wako watakaosema kwamba radi hutumwa na mchawi, na kwamba yeye ndiye achaguaye mlango wa kuingilia. Hatukusudii kubishana na wazee. Tunasema tu kwamba, awe ametumwa au hakutumwa, mgeni huyu hupenda kukifikia kwanza kilicho kirefu, na kuanzia hapo huitafuta ardhi kwa kila njia aliyo nayo. Hawezi kuzuiwa asishuke. Awezalo binadamu ni kumtandikia njia nje ya nyumba, iliyo nene, fupi na iliyonyooka, ili asiwe na sababu ya kupita ndani.

Jambo hili lilijulikana zamani, na kwa gharama. Tarehe 6 Agosti 1753, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, mtaalamu aitwaye Georg Wilhelm Richmann alikuwa akipima umeme wa mawingu nyumbani kwake. Alikuwa ameweka fimbo ya chuma juu ya paa na kuiunganisha na chombo cha kupimia kilichokuwa chumbani, lakini hakuiunganisha na ardhi, kwa kuwa alitaka umeme ubaki katika chombo apate kuupima. Radi ilipopiga, ilitoka katika chuma ikampata kichwani, akafa papo hapo. Askari afikiri vizuri juu ya picha hiyo: chuma juu ya paa, waya unaoingia chumbani, chombo juu ya meza, mtu karibu yake, na hakuna kitu kinachokwenda ardhini. Je, haifanani na chumba cha simu ya upepo anachokijua?

Sasa tuseme habari za kazi yenyewe. Mlingoti uzungukwe na fimbo za chuma zilizovikwa shaba, kila moja yenye urefu wa kiasi cha mita 2.4, zikapigiliwa hadi ziishie ardhini. Fimbo moja haitoshi. Ziwe kadhaa, na kati ya moja na nyingine pawe na nafasi isiyopungua urefu wa fimbo yenyewe, kwa sababu zikikaribiana sana zinagombania udongo ule ule na hazisaidiani. Zote ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba uliofukiwa, na waya huo ufungwe kwenye miguu ya mlingoti kwa vibano vya chuma, wala si kwa kusokota kwa koleo. Kilimani, penye mwamba au kokoto nyekundu zisizoshika maji, fimbo haitazama; hapo ichimbwe mifereji kutoka mlingotini kwenda pande tatu au nne, na ndani yake ulazwe waya mtupu wa shaba. Wako wanaomwaga chumvi shimoni. Chumvi husaidia msimu mmoja, kisha mvua huichukua, na chuma kilichobaki huliwa na kutu. Wala bomba la maji lisitegemewe kama walivyofanya mafundi wa kale, maana siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki.

Waya unaoshuka usipindwe kama kiwiko. Fundi wa umeme wa majumbani huona fahari kuupitisha waya pembeni mwa ukuta kwa kona kali, na kwa taa za nyumbani hakosei. Radi ni kitu kingine. Mkondo wake hufika ampea 30,000 na zaidi, nao hupanda katika sehemu chache za milioni za sekunde. Kwa kasi hiyo hata mita moja ya waya mnene ulionyooka yaweza kuwa na tofauti ya maelfu ya volti kati ya ncha zake, na penye kona kali umeme huona ni rahisi kuruka hewani kuliko kupinda.

Kosa ambalo twaliogopa kuliko yote ni lile linalofanywa na watu wenye nia njema. Mtambo wa redio umepewa fimbo yake ya ardhi chini ya dirisha. Umeme wa nyumba, au wa jenereta, una fimbo yake upande wa pili wa jengo. Mlingoti una zake. Mkuu wa kituo huhesabu fimbo hizo akaona amejikinga mara tatu. Kumbe amejitegea mtego. Tuchukue hesabu ndogo: ampea 30,000 zikiingia katika fimbo ambayo ukinzani wake na ardhi ni omu 10, fimbo hiyo na kila kilichofungwa nayo hupanda hadi volti 300,000 kwa kitambo kile. Fimbo ya upande wa pili haijapanda. Sasa ni kitu gani kimeunganisha pande hizo mbili? Ni mtambo ulio mezani: mgongoni una kebo ya antena, na ubavuni una waya wa umeme. Tofauti yote hiyo ya volti itapita humo, na kama askari ameshika chuma cha mtambo huku miguu yake iko juu ya sakafu yenye unyevu, itapita kwake pia.

Kwa hiyo fimbo zote za jengo moja ni lazima zifungwe pamoja kwa shaba nene, ziwe kitu kimoja kinachopanda na kushuka pamoja. Na kila waya unaoingia chumbani, wa antena, wa umeme, wa simu, au wa paneli za jua zilizo juu ya paa, uingie mahali pamoja, kwenye bamba moja la shaba lililofungwa na ardhi hiyo. Hapo kwenye bamba ndipo suka la nje la kebo ya antena hukamatwa, na ndipo huwekwa kile kifaa kidogo chenye kibomba cha gesi ndani yake. Siku za kawaida gesi haipitishi kitu na redio husema kama kawaida. Volti zikipanda ghafla, gesi hugeuka kuwa njia na kuumwaga umeme ardhini. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya mtambo.

Hata hivyo hakuna fundi mkweli atakayeapa kwamba mtambo utasalimika ukipigwa barabara. Ndiyo maana tunasema wazi neno ambalo baadhi ya maafande hawatalipenda: mtumaji habari awe na ruhusa ya kukata mawasiliano. Kati ya mwanga wa radi na ngurumo yake, kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, yaani kilometa kumi, kebo ya antena na waya wa umeme viwe vimekwisha kuchomolewa, na mtu awe mbali na meza hadi zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Asingoje wingu liwe juu ya paa ndipo aende kushika kebo, kwani wakati huo kuishika ndiyo hatari yenyewe. Na kebo iliyochomolewa isiachwe juu ya meza wala kutiwa ndani ya chupa kama wafanyavyo wengine. Umeme uliovuka kilometa kadhaa za hewa hautashindwa na kioo cha chupa. Itolewe nje ya ukuta, ikafungwe kwenye bamba la ardhi. Viatu vya mpira navyo si kinga.

Najua, kwa maana yetu sote wa safu hii, kwamba wapo waliowekwa ndani kwa kutojibu mwito wakati wa tufani. Nidhamu ni uti wa mgongo wa jeshi na polisi, na sisi hatutaki ilegezwe. Lakini amri ya kukaa kimya wakati wa radi ni amri kama nyingine: iandikwe katika kanuni za kituo, makao makuu yajulishwe, na saa ya kufunga na ya kufungua itiwe katika daftari. Hapo asiyejibu hatakuwa mwasi, na atakayemlazimisha ajibu ndiye atakayeulizwa.

Iko na habari ya wezi. Shaba ina soko, na waya wa ardhi hukatwa hata nyuma ya kituo cha polisi, jambo ambalo ni aibu kulitamka. Wakishaukata, redio huendelea kusema vilevile, kwa hiyo hakuna anayegundua mpaka radi ije. Askari wa zamu aukague kama akaguavyo bunduki ghalani, na vibano vikazwe upya kila mwisho wa kiangazi. Mvua za kusini huanza Machi, za kaskazini hufuata Aprili. Mkuu wa kituo asiyejua fimbo zake za ardhi ziko upande gani wa ukuta, na atoke nje leo akazitafute.