TARISHI ASIYE NA DAFTARI



Katika ofisi zetu hakuna asiyemjua tarishi. Cheo chake ni cha chini, lakini jina lake limo daftarini: ana mshahara, ana likizo, na akiumia kazini yuko wa kuulizwa. Tarishi wa barabarani, yule atuleteaye chakula na vifurushi kwa pikipiki, mara nyingi hana hata moja katika hayo. Petroli ni yake, na akianguka hasara ni yake. Kampuni humwita mshirika, au mtu ajitegemeaye.

Twauliza: ni mfanya biashara gani asiyepanga bei yake mwenyewe? Programu ya simu ndiyo ipangayo ujira, ndiyo igawayo safari, nayo yaweza kumfungia mlango bila ya barua wala shauri. Huyo kwa macho yetu ni mtumishi, ila amenyimwa jina.

Wala si sisi peke yetu tusemao hivyo. Tarehe 25 Septemba, 2020, Mahakama ya Juu ya Uhispania iliamua kwamba mchukuzi wa kampuni ya Glovo alikuwa mwajiriwa, maana chombo hasa cha kazi ile ni programu ya kampuni, si pikipiki wala simu ya mchukuzi. Mwaka 2021 nchi hiyo ikatunga sheria kwamba wachukuzi wa namna hiyo wahesabiwe kuwa waajiriwa. Kampuni hiyo imefanya kazi Nairobi na Kampala pia, walakini hukumu ya Uhispania haivuki bahari.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 21 Novemba, 2023, Mahakama ya Juu ya huko ilikataa dai la chama cha wachukuzi wa Deliveroo, kwa kuwa mkataba uliwaruhusu kumtuma mtu mwingine badala yao. Basi kifungu kimoja chaweza kumvika mtu haki au kumvua.

Hapo ndipo kazi yetu makarani. Mkataba wa vijana hawa hukubaliwa kwa kugusa kioo cha simu, tena haujasomwa. Tuwasomee. Tuwaonyeshe ni nani atakayelipa wakiumia, na lalamiko lipelekwe wapi. Kisha tuwashauri waungane, kama tulivyoungana sisi.

Wazee walisema mjumbe hauawi. Haifai mjumbe wa leo afe njiani, kisha wanawe waambiwe kwamba baba yao hakuwa mtumishi wa mtu.