Visima vya Albert, Bomba la Kahama

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Linapita Geita na Shinyanga likielekea Chongoleani, Tanga. Huku kwetu Kahama limejadiliwa kwa fidia na ajira, na ni haki. Toleo hili linaongeza swali ambalo haliulizwi: visima vya Ziwa Albert, Uganda, vitavutwaje?

Mchimbaji wa Geita ataelewa upesi. Duara, yaani shimo la kuchimbia, hushuka wima hadi kwenye mwamba wenye dhahabu, kisha watu hugeuka wakaufuata kwa ubavu, kwani anayeutoboa na kuupita huambulia kidogo. Kisima cha mafuta cha mlalo ni hivyohivyo. Kule Kingfisher, eneo la mafuta la Ziwa Albert, mitambo imesimama ufukweni na visima vinapinda kwenda chini ya ziwa.

Ila dhahabu hungoja, mafuta hutembea, na maji huyapita mbio. Kadiri mafuta yalivyo mazito ndivyo yanavyojikokota, huku maji yaliyo chini yake yakipanda kwa wepesi. Ukivuta kwa pupa, maji huingia kisimani, mara nyingi pale kinapoanza kulala, kwa kuwa hapo mvuto ni mkali kuliko kwenye ncha. Yakishapata njia, mafuta mengi hubaki ardhini. Ndiyo sababu wahandisi huweka vali ndani ya kisima, wakabana sehemu zinazotoa sana ili za mbali nazo zitoe.

Mafuta ya Albert si mazito kama ya Orinoco, Venezuela, lakini yana nta nyingi. Bomba lazima lipashwe moto, nyuzijoto 50 hivi, yasije yakaganda. Mafuta yakipungua, haja ya joto haipungui.

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) lina asilimia 15 ya bomba, halina hisa katika visima. Kwa hiyo mapato yetu, yanayofuata mafuta yanayopita bombani, yanategemea uangalifu wa watu tusiowaajiri, na Kahama inajua maana ya hazina kwisha: mgodi wake wa dhahabu wa Buzwagi ulianza uzalishaji 2009, ukafungwa 2021. Tunaitaka TPDC iombe kila mwaka taarifa ya maji na mafuta yanayotoka visimani, iitangaze kwa Kiswahili, na vyuo vyetu vya madini vianze kufundisha vijana kuisoma.