Sema Tu Umepotea

Kuna picha yangu moja mnaipenda sana. Nimesimama katikati ya kuta mbili za mawe, mwanga unashuka kutoka juu, nimenyoosha mikono kama bingwa. Mpaka leo watu hunitumia ujumbe wakiuliza, "Hapo ni wapi?" Ni Hell's Gate, Naivasha, Agosti 2019. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba wakati picha hiyo inapigwa, mimi na beshte yangu tulikuwa tumepotea. Na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kusema.

Wacha niwape stori yote.

Tulitoka Kariobangi saa kumi na moja alfajiri, mathree mpaka tao, halafu ingine ya Naivasha. Tulikuwa na miaka 19 na doo ya kuhesabu. Hell's Gate tuliipendea jambo moja: ni mbuga ambayo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli karibu na twiga na pundamilia. Hakuna haja ya gari. Tukakodi baiskeli, tukapita ule mwamba wa Fischer's Tower, tukafika kwa korongo la Ol Njorowa, lile bonde jembamba la mawe.

Pale juu kulikuwa na waongozaji wamekaa kivulini. Mmoja akatuuliza, "Mnashuka? Niwapeleke?" Beshte yangu akacheka. "Sisi ni wa Kario, buda. Hatuwezi potea kwa shimo."

Pesa ya kumlipa tulikuwa nayo. Tulikuwa tumeitunza ya kuku na chipo.

Huko chini ni kuzuri, siwezi danganya. Maji yamechonga mawe miaka na miaka mpaka kuta zimekuwa laini kama zimepigwa msasa. Mahali pengine njia inabana hadi unagusa pande zote mbili. Kuna maji ya moto yanachuruzika kwa ukuta, kwa sababu joto liko chini ya ardhi hapo, lile lile linalotoa stima kule Olkaria. Shida ni kwamba korongo lina matawi, na matawi yanafanana. Nyayo ziko kila upande, kwa hivyo hazikuambii kitu. Netiweki ikapotea. Tukateleza chini ya mwamba mmoja ambao hatungeweza kuupanda tena bila mtu wa kutuvuta.

"Ni huku," nikasema. Sikuwa najua.

"Eeh, ni huku," akajibu. Yeye pia hakuwa anajua. Aliniambia ukweli jioni, tukiwa kwa mathree ya kurudi.

Tulizunguka hivyo saa moja na nusu. Ndio nikapigwa ile picha, nikitabasamu. Halafu beshte yangu akateleza, kifundo cha mguu kikavimba. Juu yetu jua lilikuwa linawaka, lakini kwa mbali niliona wingu jeusi. Nikajiambia, mvua iko mbali, haituhusu.

Mwongozaji mwingine akatokea na wageni wake wawili. Akatuangalia. "Mmepotea?"

Tukajibu kwa pamoja: "Hapana."

Akacheka, akaangalia ule mguu, akasema tu, "Nifuateni." Tukiwa njiani akanyoosha kidole juu ya vichwa vyetu. Kwa ufa wa mwamba, juu kuliko mkono wangu ungefika, kulikuwa na nyasi kavu na vijiti vimekwama. "Hizo zililetwa na maji," akasema. Sikuwa na la kujibu.

Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yalikuta kundi la watu ndani ya korongo hilo hilo. Watu 7 walikufa, mwongozaji wao akiwa mmoja wao. Na haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2012, vijana 7 wa kundi la kanisa walikufa hapo hapo kwa njia hiyo hiyo. Nilisoma hiyo habari nikiwa kwa kitanda changu Kario, nikafungua ile picha yangu, nikaitazama upya.

Sasa najua kuna mtu atasema: kama hata mwongozaji alikufa, wa nini kumlipa? Swali ni la haki. Mwongozaji si hirizi. Maji hayaulizi nani anajua njia. Lakini yeye ndiye aliyejua kuangalia juu ya ukuta. Ndiye anayeweza kukuambia, "Leo tusishuke." Kazi yako ni kukubali kwamba hujui, ndio uweze kumsikia.

Na sisi wa Eastlands tungekuwa wa kwanza kuelewa. Mto Nairobi unaanzia Ondiri, kule Kikuyu. Mvua inaweza kunyesha huko juu, na maji yakafika kwetu chini. 2024 tuliona mafuriko yakibeba nyumba na watu Mathare. Hakuna mtu wa huku anayeweza kusema mvua ya mbali haimhusu. Mimi nilijua hayo yote. Niliyaacha nyumbani, nikabeba kiburi.

Kiburi hicho kiko kila mahali. Nenda Light Industries, utapata kijana anajifunza ufundi, anaambiwa kitu, anasema "nimeshika," halafu anakata chuma vibaya. Kuna msee amezama kwa deni, ukimuuliza anasema "niko fiti." Tumefundishana kwamba kuuliza ni ufala.

Kwa maoni yangu, ufala ni kuendelea kutembea. Kabla ya kushuka korongo lolote, uliza kumenyesha wapi, si hapo ulipo tu. Lipa anayejua njia, kuku atangoja. Na mkubaliane mapema: yeyote akisema "turudi," mnarudi, na hakuna kumcheka.

Picha sitaifuta. Mkiiona tena, jueni tu yule bingwa hakuwa anajua njia ya kutoka.

Na wewe, ni wapi ulipotea ukasema uko sawa? Andika hapo chini. Hakuna atakayekucheka.